Mzinga wa Somoe Uliponyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa!

Pakawa.

Paukwa!

Pakawa...

Eh! Mbona mmeinua vichwa? Mara ya kwanza mmeniitikia kwa nguvu, hata paka akakimbia. Mara ya pili mmeniitikia huku mnachokonoa moto. Mara ya tatu midomo imeitika, masikio mmeshayapeleka kwenye chungu cha mihogo. Nimenyamaza kidogo tu, wote mnanitazama. Basi kaeni hivyohivyo. Mimi leo nimechoka, mgongo unaniuma tangu asubuhi, na sitaki kusema jambo moja mara mbili.

Hapo zamani za kale, wakati ndege na watu walipokuwa bado wanajibizana, palikuwa na bonde la mpunga, na katika bonde hilo aliishi mwanamke aitwaye Somoe. Somoe alikuwa mjane. Mumewe alikuwa mrina asali, na siku moja tawi lilimwangusha, akafa. Alimwachia mkewe mzinga mmoja mkuukuu wa nyuki, gogo lililochimbwa ndani likawa tupu. Alimwachia pia mama yake mzazi, Bi Mwanakombo, na huyo hakuwa mtupu hata kidogo. Alijaa maneno kutoka unyayoni hadi utosini.

Bonde lile lilikuwa na desturi zake. Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea, vile vindege vinavyokula nafaka, huja. Huja wengi, hutua kwa pamoja, na wakiondoka huacha masuke yamesimama wima kama vijiti, hayana kitu. Kwa hiyo kila mwanamke alijenga dungu katikati ya shamba lake, jukwaa la miti lenye ngazi. Alikaa juu yake tangu jua kuchomoza hadi kuzama, akiamia ndege, yaani akiwafukuza.

Na kila shamba lilikuwa na mdundo wake. Bibi arusi akiingia nyumbani, mama mkwe alimshika mkono akamfundisha mdundo wa shamba lao, pigo kwa pigo. Alimwapisha asiuzidishe wala asiupunguze, maana ni amana ya waliotangulia. Kwenye mashamba mengine walipiga ubao, kwenye mengine walipiga ngoma kuukuu. Somoe alining'iniza ule mzinga wa mumewe kwenye nguzo ya dungu, akaupiga kwa fimbo, na mdundo wake ulikuwa huu:

Ko, ko, kwa! Si wako, ondoka!

Ko, ko, kwa! Si wako, ondoka!

Ko, ko, kwa! Si wako, ondoka!

Palikuwa na desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyomkosesha Somoe raha. Siku ya mavuno, mzee aliyegawa mashamba, watu wakimwita Mwenyebonde, alipita shamba kwa shamba. Alichuma suke kwenye kila pembe, akalifikicha kiganjani, akapuliza. Zikibaki punje, shamba ni lako na mwaka ujao. Yakiruka mapepe matupu, shamba linapewa mkono mwingine. Haikujalisha una mume au huna, unaumwa au mzima. Na kibanda cha Somoe kilikuwa humohumo shambani, chini ya dungu. Akinyang'anywa shamba, yeye na mama mkwe wake hawana pa kula wala pa kulala.

Mwaka ule ndio ulikuwa wa kwanza kulima bila mume. Alilima peke yake, akapanda peke yake, akapalilia peke yake. Mpunga ulipotia maziwa, Somoe alikuwa amekwisha kuchoka, na kazi ya ndege ndiyo kwanza inaanza.

Siku kwelea walipokuja, Somoe alipanda dungu akapiga. Ko, ko, kwa! Walipaa wote, wakatia giza shamba zima, wakaenda kutua kwenye matete ng'ambo ya mto. Somoe akacheka peke yake juu kule. Akasema, "Kumbe ni hivi tu!"

Chini, kwenye jamvi mlangoni mwa kibanda, Bi Mwanakombo alikohoa. Kifua kilimsumbua tangu msiba wa mwanawe. Akakohoa, koho, koho, akaita, "Piga!"

"Wameshaondoka, mama."

"Watarudi. Piga! Mdundo wa shamba haukatwi. Mama mkwe wangu hakuukata, mimi sikuukata. Piga!"

Somoe akapiga. Alipiga asubuhi, alipiga mchana, alipiga jioni. Mkono wa kulia ukichoka alihamishia fimbo kushoto. Wa kushoto ukichoka alirudisha kulia. Akipunguza kidogo tu, chini kunasikika, koho, koho, "Piga!"

Siku ya pili kwelea waliporudi, akapiga, wakapaa, lakini hawakufika mtoni. Walizunguka wakatua shamba lilelile, pembeni.

Siku ya tatu akapiga, wakarukaruka tu juu ya masuke, wakatua palepale.

Siku ya nne akapiga, wakainua vichwa wakamtazama. Kisha wakainamisha vichwa wakala.

Somoe akasema, "Labda hawanisikii." Akapiga kwa nguvu zaidi, hata fimbo ikapasuka. Ko, ko, kwa! Kwelea wakala.

Akasema, "Labda ninachelewa." Akapiga harakaharaka, bila kuvuta pumzi. Ko-ko-kwa, ko-ko-kwa! Kwelea wakala.

Akasema, "Labda hawamwogopi mwanamke asiyesema." Akapiga na kupiga kelele pamoja, sauti ikamkauka. Si wako, ondoka! Si wako, ondoka! Kwelea wakala, tena wakawaita na watoto wao.

Somoe akalia. Alilia huku anapiga, maana hata nafasi ya kulia vizuri hakupewa.

"Piga!" Bi Mwanakombo akaita. "Koho, koho. Piga!"

Jirani yake upande wa machweo aliitwa Mkunde. Mkunde huyu bonde zima lilimjua kwa uvivu. Alipiga ubao wake mara mbili, akaacha akafunga kilemba. Akapiga kidogo, akaacha akamsema mtu aliyepita njiani. Akaimba wimbo nusu, akausahau. Alilala juu ya dungu kinywa wazi, akaamka kwa kushtuka, akapiga ubao kama aliyeumwa na siafu, kisha akashuka kuchimba muhogo. Mama mkwe wake alikwisha kufa zamani, hakuna wa kumgombeza. Na shamba la Mkunde, wasikilizaji wangu, lilikuwa limeinama kwa uzito wa masuke. Kwelea hawakutua kwake hata kidogo.

Watu walisema Mkunde ana dawa. Somoe naye akaamini. Jua lilipozama na ndege kwenda kulala, akajikokota hadi kwa jirani yake.

"Shoga," akasema, "nakuomba. Nigawie hiyo dawa yako, japo ya kupaka kwenye fimbo."

Mkunde alikuwa anamenya muhogo. Akacheka hadi kisu kikamwanguka.

"Dawa! Ningekuwa nayo si ningejitibu huu uvivu? Shoga, mimi sina dawa. Mimi nachoka, nikichoka naacha. Nikikumbuka napiga tena. Sijui kwa nini ndege hawanipendi, labda mpunga wangu mchungu."

"Na mdundo wa shamba lako?"

"Nimeusahau," akasema Mkunde, akatazama huku na huku. "Usimwambie mtu."

Somoe alirudi nyumbani amekasirika. Alijiona anachezewa. Yeye anapiga tangu alfajiri mikono imevimba, analiwa. Yule analala, haliwi. Alipofika kibandani Bi Mwanakombo alimwuliza alikotoka, akakohoa, akamwambia kesho apige vizuri zaidi. Somoe hakujibu. Kusema kweli hakusikia. Maneno ya mama mkwe yalikuwa yamekuwa kama sauti ya mto. Ukikaa karibu na mto mwanzoni unausikia usiku kucha, baadaye unasahau kwamba kuna mto.

Sikilizeni hapo, maana hapo ndipo Somoe alipoanza kupotea bila kutoka nyumbani. Alikuwa na masikio mawili na yote yalikuwa juu ya kwelea. Alisikia kwelea akivunja punje. Alisikia bawa moja likigusa suke. Lakini kikohozi kilichokuwa chini ya miguu yake hakukisikia tena, wala ule mwito wa "Piga!", wala kitu chochote kilichotoka katika kinywa kile. Mkono ulikuwa unapiga wenyewe, na yeye amekaa tu juu ya dungu, macho mekundu.

Asubuhi moja kwelea mmoja mzee, bibi mwenye mkia ulionyofoka, akaruka akatua kwenye ukingo wa dungu. Alitua karibu kiasi cha Somoe kuweza kumshika, kama angekuwa na nguvu ya kunyoosha mkono.

"Hujambo, mama," akasema Bibi Kwelea.

"Sijambo," akasema Somoe, fimbo ikiendelea, ko, ko, kwa. "Huniogopi?"

"Siku ile ya kwanza nilikuogopa sana. Nilimwangusha mjukuu wangu nikikimbia. Siku hizi, hapana."

"Na mzinga?"

"Mzinga upi?"

Somoe akamwonyesha kwa fimbo. Bibi Kwelea akautazama mzinga kama ndiyo kwanza anauona.

"Aa, huo! Piga tu, mama. Ukipiga tunakula vizuri. Watoto wanatulia." Akajikuna shingo kwa kucha. "Nimekuja kukuambia ahsante. Usituachie katikati."

Basi Somoe aliona amedhihakiwa. Hasira ikampa nguvu asizokuwa nazo. Akasimama, akapiga kama mtu anayetwanga adui kwenye kinu. Ko, ko, kwa! Ko, ko, kwa! Ko, ko, kwa! Bibi Kwelea akainamisha kichwa kwa heshima, akarudi kula. Bonde zima lililia mdundo wa Somoe, na shamba la Somoe likaendelea kuliwa.

Pembe ya mashariki ilikwisha. Masuke yalibaki mapepe, upepo ukipita yanalia kwa wepesi. Pembe ya kusini ilikuwa imeanza kuliwa. Na mavuno yalikuwa karibu, Mwenyebonde alikwisha kuonekana njia ya juu akifanya mazoezi ya goti lake bovu.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, hata matope ya mfereji yalitoa mvuke. Somoe alikuwa juu, anapiga. Chini Bi Mwanakombo alikohoa. "Piga!" akaita. Akakohoa. "Piga!" akaita. Kisha akaita, "Somoe, maji!" Aliita kwa sauti ileile, ya kukwaruza, ya kuamuru, aliyoitumia tangu msimu uanze.

Somoe hakusikia.

"Somoe, maji! Koo limekauka!"

Ko, ko, kwa.

"Somoe!"

Ko, ko, kwa. Si wako, ondoka.

Mama wa watu akangoja. Mtungi ulikuwa mtupu, kata ya kuchotea imelala juu yake. Mwisho akajiinua kwa fimbo yake, akachukua kata, akaenda mwenyewe mferejini, polepole, akikohoa njia nzima. Somoe angegeuza shingo angemwona. Hakugeuza. Alikuwa anatazama kwelea kwenye pembe ya kusini, anapiga, anatazama, anapiga.

Hapo sasa. Wewe uliyeegemea mlango, kaa vizuri.

Somoe alikuwa anapiga, mara akahisi kuna kitu hakipo. Hakujua ni kitu gani. Ilikuwa kama mtu anayekwenda sokoni na mzigo kichwani, akafika katikati ya njia akajigusa kichwa, mzigo haupo. Akatega sikio. Alisikia kwelea. Alisikia upepo kwenye mapepe. Alisikia Mkunde kule akigombana na nzi. Akatafuta kile kisichokuwepo, akakipata.

Kikohozi. Hakuna kikohozi. Hakuna "Piga!"

Siku zote hizo kilipokuwepo hakukisikia. Kilipoondoka alikisikia hadi kwenye mifupa.

Mkono wake ukasimama hewani. Fimbo ilikuwa imeinuliwa kwa pigo la mwisho, lile la "kwa!", na pigo hilo halikupigwa. Ko, ko... na kimya.

Ndipo shamba likalipuka. Kwelea wote, wa pembe ya kusini, wa katikati, wa kandokando ya mfereji, wakubwa na wadogo, walipaa kwa mara moja, kwa kelele isiyopata kusikika hata siku ile ya kwanza. Walipigana mabawa, waligongana, walitema punje zilizokuwa kinywani. Wakavuka mto, wakavuka matete, wakavuka kilima.

Somoe hakuwatazama. Alitupa fimbo, akashuka ngazi kwa kuanguka zaidi kuliko kwa kukanyaga. Jamvi tupu. Mtungi bila kata. Akakimbia mferejini, akipita juu ya mpunga wake mwenyewe, akiukanyaga mpunga alioulilia, asiujali. Akamkuta Bi Mwanakombo amelala kifudifudi kwenye ukingo, kichwa chini, uso umezama kwenye maji ya matope yasiyofika hata kifundo cha mguu. Kata ilikuwa inaelea kando yake.

Akamvuta. Akamgeuza. Akamtia kidole kinywani akatoa tope. Akamlaza ubavu akampiga mgongoni, na mikono ile iliyokwisha nguvu kwa kupiga mzinga ikawa nazo tena.

"Mama! Mama! Mama!"

Bi Mwanakombo alitapika maji machafu. Akavuta pumzi moja ndefu ya kukwaruza. Halafu, wasikilizaji wangu, akakohoa.

Somoe aliketi kwenye tope akamkumbatia. Alikuwa hajawahi kusikia kitu kizuri kama kikohozi kile. Akalia sana, na safari hii alilia kwa nafasi.

"Nilikuita," akasema Bi Mwanakombo, sauti ndogo.

"Sikukusikia, mama."

"Nilikuita maji."

"Sikukusikia. Ulikuwa unaniita kila siku, nikazoea. Nisamehe. Nilimsikia kila ndege wa bonde hili, wewe sikukusikia."

Bi Mwanakombo alikuwa amelala chali anatazama juu, anahema. Kisha macho yakamtoka.

"Ndege wako wapi?"

"Wameondoka."

"Umewapiga na nini? Umemwona mganga?"

"Sijawapiga na kitu, mama. Nimenyamaza."

"Usinitanie, nimetoka kufa sasa hivi."

Wakiwa hapohapo, Bibi Kwelea mwenye mkia ulionyofoka akatua kwenye ufito kando ya mfereji, mbali kidogo, shingo ndefu, tayari kuruka.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Kipanga! Kwani si kipanga amekuchukua?"

"Mimi hapa," akasema Somoe. "Kipanga gani?"

Bibi Kwelea akamtazama kwa hasira. "Sasa kwa nini umetufanya hivyo? Mzinga ukilia tunajua wewe uko pale ulipo, na kipanga anauogopa mlio wako, hashuki. Tumekuzoea. Hatukusikii wala hatukuoni, tunakula. Ulipokata mlio katikati, kila mmoja wetu aliusikia. Tukasema, leo limetokea jambo! Sasa sijui utalia, sijui utanyamaza, sijui nini kinakuja. Mimi nina moyo mdogo, mama. Siwezi kula mahali nisipojua kinachokuja." Akaruka akaenda zake, akigeuka nyuma kila mara.

Somoe na Bi Mwanakombo wakabaki pale ukingoni. Walikuwa wamelowa, wamejaa tope, wamechoka wote wawili, mmoja kwa kupiga na mmoja kwa kusema piga.

"Jirani yako Mkunde," akasema Bi Mwanakombo baadaye.

"Ndiyo, mama."

"Nilimwita mvivu."

"Ni mvivu kweli, mama."

"Ndiyo. Lakini sasa amenipita akili, na hilo linaniuma kuliko kifua."

Jioni ile Somoe alimkanda mama mkwe wake kifua kwa maji ya moto. Hapo ndipo alipothubutu kusema. "Mama, mdundo wa shamba. Naomba niukate."

Bi Mwanakombo alikunja uso. Aliapishwa juu ya mdundo ule akiwa msichana. Alimwapisha Somoe kwa mdomo wake mwenyewe. Akasogeza ukuni motoni.

"Katika mdundo wa mama mkwe wangu hakuna mahali pa kunyamaza," akasema.

"Hakuna."

"Labda palikuwepo. Labda naye alikuwa akichoka akapumzika, mimi nikadhani si sehemu yake." Akakohoa. "Weka mahali pa kunyamaza. Wakiuliza kule walikotangulia, nitawajibu mimi, nitafika kabla yako."

Tangu siku ile Somoe akapiga kama anavyotaka. Alipiga, akanyamaza. Alipiga kwa fimbo, akapiga kwa kiganja. Asubuhi alianza na "ondoka" akamalizia na "ko". Kwelea walitua, wakala punje moja, mlio ukakatika, wakapaa. Wakatua tena, mlio ukabadilika, wakapaa. Wakahamia bonde jingine, ambako watu walipiga vizuri bila kukatisha.

Na kila aliponyamaza, Somoe alifanya jambo jingine. Aliinama ukingoni mwa dungu akasikiliza chini.

"Mama, upo?"

"Nipo. Piga!"

Mwenyebonde alifika siku ya mavuno, goti likimlia. Akachuma suke la mashariki, akafikicha, akapuliza. Mapepe yakaruka yote, kiganja kikabaki kitupu. Somoe akashika nguzo ya dungu. Mzee akachuma la kusini, akapuliza. Zikabaki punje chache. Akachuma la magharibi na la kaskazini, akapuliza kwa nguvu zake zote, punje zikabaki kiganjani zimetulia. Akautazama mpunga uliokanyagwa, njia iliyonyooka kutoka dungu hadi mferejini.

"Hapa amepita nguruwe?"

"Nimepita mimi," akasema Somoe.

"Ulikuwa unakimbilia nini, hata ukakanyaga chakula?"

Bi Mwanakombo akajibu kutoka kwenye jamvi lake. "Alikuwa ananikimbilia mimi. Shamba unatupa au hutupi? Sema, goti lako lisije likakulaza hapa, sina jamvi la pili."

Mwenyebonde akatia punje kinywani, akatafuna, akasema pembe tatu zinatosha, shamba ni lao. Akaenda zake kwa Mkunde, ambaye alikuwa amelala.

Mwaka ukapita, mpunga ukatia maziwa tena. Somoe akapanda dungu. Alipiga, akanyamaza, akauliza, "Mama, upo?" Chini pakajibu, "Nipo. Piga!" Ikawa hivyo asubuhi, mchana na jioni. "Mama, upo?" "Nipo. Piga!" Uchovu ukamrudia Somoe mabegani, kama unavyorudi kwa kila mwenye kazi. Ikafika wakati anauliza huku anatazama mbali, na akijibiwa hajui kama amejibiwa.

Siku moja akapiga, akanyamaza, akauliza, "Mama, upo?"

Kimya.

Kabla hajajua kwamba amesikia, Somoe alikwisha kufika chini ya ngazi, amechubuka magoti yote mawili. Bi Mwanakombo alikuwa amekaa juu ya jamvi lake, mzima, anatafuna muhogo wa kuchoma, anamtazama.

"Mama! Kwa nini hukujibu?"

"Nilianza kuona unaniuliza kama unavyopiga mzinga," akasema Bi Mwanakombo. "Nikataka kujua kama bado unanisikia."

Somoe akakaa chini. Alitaka kugomba akashindwa, alitaka kucheka akashindwa. Akaweka kichwa chake kwenye mapaja ya mama mkwe wake, na ndege wa bonde zima wakingoja.

"Mama, nakuomba, usirudie tena."

"Sirudii," akasema Bi Mwanakombo, akimpapasa kichwa. "Nikirudia, utazoea."

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoweka fimbo chini. Mimi naingia kulala. Mkisikia sikoromi, njooni mnitazame.